Nilikuwa Msomaji wa Barua za Nyumbani

Kwa desturi ya Wachagga, kihamba cha wazazi, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ya familia, humwendea kitindamimba wa kiume. Mtoto wa kwanza hukatiwa chake, na wale wa katikati hujitafutia. Baba yangu ni wa katikati. Kizazi kimoja nyuma hilo lisingemtisha mtu: kijana alipewa sehemu ambayo haijalimwa, akapanda migomba na mibuni, na baada ya miaka kadhaa naye akawa na kihamba. Baba alipooa, katikati ya miaka ya 1980, Kibosho, kwetu kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya Moshi, ilikuwa imeshajaa. Alijenga chumba na sebule pembeni ya kihamba cha bibi, mahali ambapo kila mtu alijua kuwa ni pa baba mdogo.

Hata hivyo kahawa ilikuwa ikitutunza. Bibi alituhadithia mara nyingi jinsi babu alivyokuwa akipeleka magunia kwenye chama cha msingi, akapimiwa, akalipwa malipo ya kwanza, kisha ya pili, na mwaka ukiwa mzuri hata ya tatu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilikuwepo tangu 1933, na kwa wazee wa pale kahawa ilikuwa ndiyo benki na ndiyo ada ya shule. Kisha mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakiipa kila nchi fungu lake la kuuza yalivunjika, na bei ikaporomoka. Chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, ikashambulia mibuni wakati uleule ambao dawa ya kunyunyiza ilikuwa haishikiki kwa bei. Mtu aliyekaa Kibosho hakuelewa kilichotokea huko mbali. Alichokiona ni kwamba kilo zilezile zilizomlipia mtoto shule mwaka juzi, mwaka huu hazikutosha hata sare.

Ndipo baba akashuka Mererani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kutafuta tanzanaiti, kito kinachochimbwa huko. Mwaka 1997 mama naye akaenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka miwili, alichukuliwa na shangazi anayeishi Unga Limited, Arusha. Mimi na kaka tukabaki kwa bibi. Kwa hiyo tukawa watu watano katika sehemu nne, na hakuna hata mmoja kati ya wazazi wangu aliyekuwa na nia ya kututupa. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya familia kama yetu huanza kutafuta nani alikuwa mbaya. Kwetu hakuwepo. Kulikuwa na ardhi iliyokwisha na zao lililopoteza bei.

Bibi hakujua kusoma. Baba mdogo alikuwa kibarua mjini, akirudi usiku amechoka. Barua za mama zilikuja kwa sanduku la posta la parokia, nyingine kwa mikono ya watu waliopanda basi kutoka Dar, na aliyezisoma nilikuwa mimi. Nilianza nikiwa darasa la pili, nikikokoteza herufi. Bibi alikaa kwenye kigoda, miguu ameinyosha, na alitaka kila barua isomwe mara mbili: mara ya kwanza asikie, mara ya pili aelewe. Baada ya hapo niliandika majibu. Alianza na salamu ndefu, akimwita mama kwa jina la kaka yangu, kisha akataja habari bila kuzipamba. Ng'ombe amezaa. Ng'ombe amekufa. Mwanao mkubwa amepigwa na mwalimu na alistahili. Mahindi ya shamba la chini yameungua jua.

Mama yeye aliandika kwa namna nyingine. Kwake kila kitu kilikuwa kizuri. "Mimi ni mzima, kazi nzuri, mama mwenye nyumba ananipenda." Barua hadi barua, maneno hayohayo. Ukubwani ndipo alipotusimulia kwamba mwaka wa kwanza alilala jikoni, na kwamba mishahara ya miezi kadhaa hakulipwa kabisa. Alificha ili tusihuzunike. Ninaelewa kwa nini, na ninampenda kwa hilo, lakini natamani wazazi wote walio mbali wajue jinsi ukimya wa aina hiyo unavyosikika kwa mtoto. Mimi niliyekuwa nasoma "kazi nzuri" nilijiuliza: kama kazi ni nzuri na anapendwa, mbona hatuji kuchukuliwa? Mtoto akikosa sababu huitunga mwenyewe, na anayoitunga karibu kila mara humhusu yeye. Mimi niliamini mama aliondoka kwa sababu nilikuwa naumwaumwa na dawa zilikuwa zinammalizia fedha. Nilikaa na imani hiyo miaka, nikifika hadi kuficha homa.

Baba hakuandika kabisa. Na hapa kuna jambo ambalo ramani haiwezi kulieleza. Dar ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Mererani, ukitoka Moshi asubuhi ukashukia njia panda ya KIA na kupanda gari jingine, mchana umeshafika. Usiku kukiwa hakuna mawingu, kutoka kwetu tuliona taa za uwanja wa ndege kule chini, na bibi alikuwa akituonyesha: "Baba yenu yuko upande ule, nyuma ya zile taa." Lakini mama aliyekuwa Dar tulikuwa naye zaidi kuliko baba aliyekuwa nyuma ya zile taa.

Kuelewa hilo kulinichukua muda mrefu. Mwanaapolo, kama wanavyojiita wachimbaji wa kule, hakuwa na mshahara. Mwenye mgodi alitoa chakula na vifaa, na mchimbaji alingoja jiwe litoke ndipo agawiwe fungu lake. Jiwe lisipotoka mwaka mzima, mwaka mzima umekula tu. Sasa mtu kama huyo anarudije Kibosho? Kila Desemba barabara za kwetu hujaa magari kutoka Dar, Mwanza, Nairobi. Watu wanashusha sukari, mchele, mabati, vitambaa vya kina mama. Wanachinja, wanapika mbege, wanakaa chini ya migomba na kuhesabiana. Naipenda Desemba ya kwetu kwa moyo wote, ila ina ukatili wake: aliyekosa hana mahali pa kukaa. Baba alikuwa akisema mwaka huu nitakuja, na kadiri miaka ilivyoongezeka ndivyo mzigo wa kuja nao ulivyozidi kuwa mkubwa. Mwaka wa kwanza angeweza kurudi na kilo mbili za nyama. Mwaka wa tano ilibidi arudi na maelezo ya miaka mitano. Umaskini ulimwondoa nyumbani, lakini uliomzuia kurudi ni aibu.

Bibi aliliona hilo kabla ya sisi wote. Alichofanya ni kumpelekea ndizi. Kila alipopatikana mtu wa kushuka upande ule, bibi alikata mkungu wa mshare, akafunga na mnafu na kahawa kidogo iliyokaangwa, akasema apelekewe. Jirani alimuuliza kwa nini anamlisha mtu mzima ambaye ndiye angepaswa kumlisha yeye. Bibi akajibu, "Ili ajue kuna moto kwao." Watu wakizungumzia familia zilizotawanyika huzungumzia fedha zinazotumwa nyumbani. Ni kweli zinahitajika, hatukuwa tukiishi kwa hewa. Ila mimi nimeona nguvu ya kitu kinachotoka nyumbani kwenda kwa aliyeondoka. Baba alikuja kuniambia kwamba alikuwa akila zile ndizi huku akilia, na kwamba kuna mwaka ambao alikuwa amepanga kwenda Msumbiji na vijana wenzake wakasahaulike huko, na ni kile kiroba kilichomrudisha nia.

Aprili 1998, mwaka wa mvua za El Niño, maji yaliingia kwenye migodi ya Mererani usiku na wachimbaji wengi wakafia chini. Nilikuwa darasa la tatu. Tulijua kuna jambo kwa sababu wakubwa waliacha kuongea kila tulipoingia. Redio ilizimwa. Tulitumwa maji wakati madumu yamejaa. Majirani walikuja, wakamshika bibi mkono, wakatutazama sisi kwa namna ambayo hakuna mtoto anayeisahau. Kaka alikuwa amesikia mtoni. Alinivuta nyuma ya banda la ng'ombe akaniambia, "Baba amekufa kwa maji." Hakuwa na uhakika, hakuna aliyekuwa nao, lakini hilo ndilo lililotufikia kwa sababu tulinyimwa jingine.

Sijui nani alimwambia bibi kwamba tumeshajua. Jioni alituita sote wawili jikoni, akatukalisha karibu na moto, akasema polepole: "Migodi imejaa maji. Baba yenu yuko huko. Kama yu hai sijui, kama amekufa sijui. Baba yenu mdogo amekwenda kumtafuta. Akirudi na habari, iwe nzuri, iwe mbaya, nitawaambia ninyi kabla sijamwambia jirani yeyote."

Nimesoma vitabu vya malezi chuoni, nimehudhuria semina. Sijapata kusikia maneno bora kuliko hayo ya bibi. Hakutupa tumaini la uongo, hakutuambia tusilie. Alitupa nafasi yetu katika jambo lililokuwa letu. Usiku ule nililala, na kaka alilala, wakati siku zilizotangulia tulikuwa tukikesha tukisikiliza ukuta.

Baba mdogo alirudi baada ya siku kadhaa, viatu vimeganda tope. Majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika uani. Bibi aliwapita, akatushika mikono akatuingiza ndani, na mbele yetu akamwambia mwanawe, "Sema." Baba alikuwa hai. Zamu yake haikuwa imeshuka usiku ule. Alikuwa bado kule, akisaidia kutafuta wenzake, kwa kuwa miili mingine ilichukua muda mrefu kutolewa. Hata baada ya hayo hakuja nyumbani, na hilo lilimuuma bibi kuliko mafuriko yenyewe.

Mdogo wetu wa Unga Limited alikua vizuri. Shangazi alimpenda, alimpeleka shule, hakumtenga na wanawe kwa sahani wala kwa nguo. Ila mama alipopata likizo ya kwanza akapitia Arusha, mtoto alijificha nyuma ya kitenge cha shangazi na kukataa kumwamkia "yule mgeni". Mama alilia njia nzima hadi Moshi. Ningependa kumsifu shangazi kwa jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Siku ile hakumlazimisha mtoto, na hakujivunia kuitwa mama. Alianza kumwonyesha picha kila Jumapili na kumwambia, "Huyu ndiye aliyekuzaa, yuko kazini Dar, viatu ulivyovaa vinatoka kwake." Na hakuwahi kumtishia kwamba akikosea atarudishwa Kibosho. Nimewaona watoto waliolelewa na ndugu wakitishiwa hivyo kila wiki, na hata wakiwa watu wazima wanaishi kama wageni kwenye nyumba zao wenyewe.

Mama, kwa upande wake, alikuwa akilea watoto wa mwajiri wake. Aliwaogesha, akawapeleka shule, akajua nani anapenda ukoko wa wali na nani anaogopa giza. Aliwahi kuniandikia, nikiwa sekondari na yeye ameanza kuandika ukweli, kwamba kuna usiku alikuwa akimfunika mtoto wa pale shuka, akasimama katikati ya chumba akashindwa kukumbuka mimi nalala upande gani. Barua hiyo sikumsomea bibi yote. Nyingine zote nilisoma neno kwa neno, ila ile ilikuwa yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ya kahawa ilianguka tena, safari hii hadi mahali ambapo baadhi ya watu waling'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Kaka, aliyekuwa akiitunza mibuni ya bibi, akashuka Mererani kumfuata baba. Alianza kwa kuchekecha vumbi nje ya mashimo pamoja na kina mama. Mimi nilipata shule ya kutwa. Ada ya serikali nilipokuwa kidato cha nne ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, lakini michango iliyozunguka ada hiyo ndiyo iliyokuwa ikiturudisha nyumbani. Wanafunzi wa leo, tangu ada ilipofutwa mwaka 2016, wamepona hapo kwa sehemu. Mimi nilisomeshwa na mshahara wa mama, maziwa ya bibi, na fedha ambazo kaka alizituma kwa bahasha kupitia kondakta. Kaka alituma na maelezo pia. "Hizi ni elfu nane, nilikuwa na elfu kumi na moja, tatu nimekula." Baba alipoona kijana anaandika hivyo bila haya, kitu kilimfunguka. Barua ya kwanza ya baba ilikuja ikiwa imefungwa ndani ya barua ya kaka. Ilikuwa na mistari michache tu, na mmoja ulisema, "Sijapata kitu, lakini nipo."

Machi 2008 maji yaliingia tena kwenye migodi ya Mererani na watu wengi wakafa. Nilikuwa chuo cha ualimu. Safari hii simu yangu iliita kabla sijaisikia habari redioni, na aliyepiga ni baba mwenyewe: "Mko wangapi hapo? Nisikilize. Usiku maji yameingia. Mimi na kaka yako tuko juu, wazima. Kuna watu tunaowafahamu hawajatoka. Mwambie bibi yako sasa hivi." Simu ilisaidia, sikatai. Lakini simu zilikuwepo miaka kadhaa kabla ya hapo na baba hakuwa akipiga. Aliyebadilika alikuwa baba, kwa sababu tulikuwa tumeshamzoesha kwamba habari ya kukosa nayo ni habari, na inapokelewa.

Alirudi nyumbani mwaka 2013 akipitia hospitali ya Kibong'oto. Alikuwa akikohoa, amekonda, na hospitali ile imewatibu wachimbaji wengi wa Mererani kwa kifua kikuu na vumbi la mawe lililoganda mapafuni. Yeye alikutwa na kifua kikuu. Dawa zake ni bure, na alizimaliza zote akiwa kwa bibi. Siku alipoingia uani alikuwa ameshika isale mkononi. Kwetu anayekuja na jani hilo amekuja kuomba radhi, na ni vigumu mno kumkatalia. Bibi alilipokea, kisha akamwambia radhi anayo tangu zamani, ila wanawe wana deni lao kwake, na deni hilo ni kusikia. Tuliitwa wote. Mama alipanda basi kutoka Dar, mdogo wetu alitoka Arusha akiwa ameshakuwa msichana wa miaka kumi na minane, kaka akapanda kutoka Mererani. Baba alisimulia kuanzia mwaka alioondoka, mwaka kwa mwaka, kila alichopata na alichokosa, mpaka jogoo wakawika. Mdogo wetu aliuliza maswali kuliko sote. Alikuwa na haki, maana yeye ndiye aliyejua machache kuliko wote. Baba mdogo, ambaye hakulazimika, alikata pembe ya kihamba akampa kaka yake.

Bibi alifariki miaka michache baadaye, lakini kikao kile kimebaki. Kila Desemba tunakaa, kila mtu anasema mwaka wake ulivyokuwa kweli, madeni yakiwemo, na watoto wanakaa nasi. Shuleni ninapofundisha, hapa Moshi mjini, nina wanafunzi ambao mama zao wako Oman na baba zao wako machimboni au hawajulikani waliko. Mlezi akija kunilalamikia kwamba mtoto amekuwa mkaidi au amezubaa, swali langu la kwanza ni mtoto ameambiwa nini. Mara nyingi jibu ni "Tumemwambia mama yake amesafiri, atakuja." Lini, wapi, kwa nini, hakuna.

Mwaka jana zamu ilikuwa ya mdogo wangu. Alipata kazi Oman, mkataba wa miaka miwili. Mama hakutaka kusikia, na ana sababu zake. Tulibishana sana, sitaki kuonyesha kana kwamba tulikubaliana kwa amani. Hatimaye tuliangalia mkataba pamoja, tukakubaliana nakala yake na ya pasipoti zibaki kwangu, mtoto akae kwa mama pale Kibosho wala si kuhamishwahamishwa, na simu iwe kila Ijumaa, siku ambayo mdogo wangu ameahidiwa mapumziko. Mwanawe, binti wa miaka sita, alikuwa amekaa mkekani akisikiliza yote. Mdogo wangu alimwambia anakokwenda, kazi atakayofanya, na mwezi wa kurudi. Tukamuuliza kama ana la kuuliza. Akafikiri, akasema, "Mama akiumwa huko, nani ataniambia?"

Mama yangu aliinua mkono, akataka kusema mtoto mdogo haambiwi mambo kama hayo. Kaka akamzuia kwa upole, "Mama, ngoja." Nikamwambia ni mimi nitakayemwambia, siku hiyohiyo, na kwamba nitapanda daladala nije nimwambie ana kwa ana. Akataka kujua kama nitakuja hata mvua ikinyesha. Nikamwambia hata mvua ikinyesha.